Siku Tulipolipasua Paa la Bwana Kitwana

Vijana wenzangu wa idara ya ujenzi, mmenitaka niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika habari za joto, maana ndilo lililonisumbua na kunifurahisha kuliko kitu kingine chochote katika miaka yangu ya kazi hapa Mafia. Hata leo nikikaribishwa nyumbani kwa mtu, kabla sijakaa ninatazama dari. Wenyeji wangu hudhani nakagua utando wa buibui.

Mimi ni binti wa Dodoma. Nimelelewa ndani ya tembe, nyumba ya udongo yenye kuta nene, madirisha madogo kama ya kuchungulia, na paa bapa la udongo vilevile. Mchana jua lilichoma hadi mbuzi wakagombania kivuli cha ukuta, na bibi yangu yumo ndani amejifunika shuka. Usiku wa kwetu ni wa baridi. Ukuta mnene huinywa baridi ile usiku kucha na kuitoa taratibu mchana. Nilipofika chuo cha ufundi, mwalimu mmoja alituonyesha picha za miji ya jangwani, nyumba zenye minara ya kunasa upepo na kuushusha hadi chumbani, ukapita kwanza juu ya mitungi ya maji ili umfikie mtu ukiwa umepoa. Wenzangu walisinzia. Mimi nilijiona kama mtu anayeonyeshwa picha za jamaa zake wa mbali. Nilichora minara ile yote, nikasema moyoni kwamba popote nitakapopangiwa kazi, watu watalala bila kutoka jasho.

Nikapangiwa Mafia, na nikafika kwenye kaskazi, miezi ile ambayo shati hulowa jasho hata ukiwa umekaa.

Nilipanga chumba Kilindoni kwa Bi Mwanaidi, mjane aliyekuwa akipika vitumbua. Jioni ya kwanza nilitumia elimu yangu. Nililoweka kanga mbili nikazitundika dirishani, nikapanga mitungi ya maji chini yake, nikakaa kitandani kusubiri ubaridi. Kwetu Dodoma hewa ni kavu. Inayanywa maji ya kanga na kuacha baridi. Hewa ya Mafia ilikuwa imeshakunywa ikashiba. Baada ya muda kuta zikaanza kutoka jasho pamoja nami.

Bi Mwanaidi akapita, akaona kanga zinachuruzika.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umefua saa hizi?"

"Hapana, bibi. Napoza chumba."

Akaingia, akasimama katikati kidogo, akatoka. "Mwanangu, hiki sasa kinafaa kuchomea vitumbua. Njoo ukae barazani kwanza."

Nikaenda kukaa barazani. Upepo mwembamba ulikuwa unapita kutoka uani, unavuka ukumbi na kutokea barabarani, na jasho langu likakauka kabla sijamaliza kikombe cha chai. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimekuja na dawa ya ugonjwa mwingine. Huku huwezi kuipoza hewa kwa maji, ila unaweza kuifanya itembee, na ikitembea juu ya ngozi ya mtu, mwili wake unajipoza wenyewe. Sikulala vizuri usiku ule, na si kwa sababu ya joto. Nilikuwa na hamu ya kuanza kazi.

Aliyenianzisha kazi ni Bwana Kitwana, mtu wa Chole, seremala aliyekuja kuwa msimamizi wa ujenzi. Mkinikuta nikimsifu msidhani alikuwa mnyenyekevu. Alikuwa na sauti ya kufukuza kunguru, na aliamini hakuna kenchi ya paa iliyopata kupigwa vizuri kisiwani isipokuwa aliipiga yeye au aliifumua akaipiga upya. Mimi alinipa jina la Mgogo siku ya kwanza na hakuniita jina jingine mpaka alipostaafu. Nilimwita Bwana Kitwana, na nilipotaka kumuudhi nilimwita Mchole.

Katika mfuko wake wa vifaa, pamoja na timazi na pima maji, kulikuwa na pakiti ya udi wa vijiti. Nilidhani ni wa kufukuza mbu. Siku ya kwanza alinipeleka Miburani, kwenye darasa ambalo walimu walilalamika kwamba watoto wanalala mchana. Akawasha kijiti, akakisimamisha juu ya dawati la katikati.

"Tazama moshi, Mgogo. Usitazame dirisha. Dirisha litakudanganya."

Moshi ulipanda wima hadi chini ya bati, ukatandaa pale kama shuka. Madirisha yalikuwa makubwa, mazuri, yote upande mmoja. Ukuta wa pili ulikuwa mtupu.

"Upepo uko mlangoni unataka kuingia," akasema, "lakini haujaonyeshwa pa kutokea. Utabaki hapohapo nje."

Tulitoboa ukuta wa pili, tukapanga matofali ya matundu, mengine chini usawa wa magoti na mengine juu karibu na lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Alipowasha kijiti tena, moshi ulilala ukakimbia kuvuka darasa hadi nje, na mimi nikaukimbilia hadi nje kama mtoto anayefukuza panzi. Bwana Kitwana alinitazama akatikisa kichwa. Nadhani siku ile ndiyo aliyoamua nitafaa.

Naye alijifunza kwangu, ingawa hangekubali kuyasikia haya. Aliniuliza habari za tembe tena na tena. Alitaka kujua unene wa ukuta, mteremko wa paa, maji ya mvua yanakwenda wapi. Nikamweleza kwamba nyumba ile huishi kwa usiku wa baridi, na huku usiku haupoi, kwa hiyo ukuta mnene unakusanya moto mchana na kukurudishia umelala. Akasema, "Basi nyumba ya kwenu inabana pumzi, na ya kwetu lazima iheme." Sikuwahi kusoma kitabu kilichosema vizuri zaidi.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi: madarasa, nyumba za walimu, soko. Kaeni na haya machache. Dirisha la kioo la kusukuma pembeni linapendeza kwenye picha, lakini nusu yake imefungwa daima. Bati lisilo na nafasi ya hewa juu ya dari ni jiko lililogeuzwa. Upande wa machweo weka upenu mrefu, makuti yakitosha ni bora kuliko chochote. Na kila tundu utakaloacha juu, popo atalijua kabla ya mwenye nyumba; weka wavu wa kuku.

Kazi ya mwisho ya Bwana Kitwana kabla hajastaafu ilikuwa wodi ya wazazi katika zahanati moja ya kusini mwa kisiwa. Mimi nilikuwa masomoni Dar wakati huo. Nilirudi nikakuta sherehe zimekwisha, wodi imefunguliwa, na yeye amerudi Chole kwenye michungwa yake. Watu walisema ni paa zuri kuliko yote aliyowahi kusimamisha, na kwa nje lilikuwa hivyo.

Kaskazi ya kwanza baada ya hapo, Sista Anastazia, muuguzi wa zahanati ile, aliingia ofisini kwetu akiwa na vumbi la bodaboda hadi kwenye nyusi. Ni Mhaya, mpole, mtu wa kuongea chini chini. Siku ile hakuongea chini chini.

"Dada Yudith, wiki iliyopita nilizalisha barazani."

Nikaweka kalamu.

"Zuhura, mke wa mvuvi wa dago, kule kambini ufukweni. Uchungu ulimshika mchana. Ndani hapakaliki, akaanza kutapika, akazimia mkononi mwangu. Mama mkwe wake akasema anamrudisha nyumbani. Angezalia njiani. Nikambeba na godoro hadi barazani, kwenye upepo. Wanawake wakashika kanga kuzunguka. Mtoto mzima, mama mzima, namshukuru Mungu. Lakini sasa kijiji kizima kinasema wodi ya serikali inaua. Wiki hii hakuna aliyekuja. Wanazalia majumbani, na siku mmoja akitokwa na damu sitakuwapo."

Niliondoka naye mchana uleule, mimi na yeye nyuma ya pikipiki moja. Nilipoingia ile wodi nilisimama mlangoni nikastaajabu. Kuta nene. Madirisha madogo, upande mmoja tu. Dari ya jipsamu imezibwa pande zote, na juu yake bati lisilo na hata ufa. Ramani ilikuwa moja kwa nchi nzima, na aliyeichora bila shaka alikuwa amekaa mahali pakavu. Nilikuwa nimesimama ndani ya tembe. Dodoma wodi ile ingekuwa neema. Hapa ilikuwa imebana pumzi tangu siku ilipofunguliwa, na ukutani kulikuwa na kiyoyozi ambacho umeme wa kijiji haukuweza kukiwasha zaidi ya feni yake.

Kamati ya zahanati ilitaka kiyoyozi cha pili. Mimi nilisema tulipasue paa. Mwenyekiti akauliza swali ambalo nililiogopa tangu njiani.

"Paa la Bwana Kitwana? Yeye anajua?"

Kesho yake nilikwenda Utende nikavuka kwa mashua hadi Chole. Nilimkuta anapogoa michungwa. Alikuwa amepungua mwili, sauti ilikuwa ileile.

"Shikamoo, Bwana Kitwana."

"Marahaba. Mgogo hasafiri bila shida. Sema."

Nikasema. Sikuzunguka, maana alichukia mtu anayezunguka. Nilimweleza habari za Zuhura na baraza na kanga, kisha nikasema nataka kuifungua kofia ya paa lake, lile bati la kileleni, kutoka mwisho hadi mwisho.

Aliweka panga chini.

"Nililiona," akasema. "Siku tulipoweka dari nililiona. Nikasema mara moja, nikaambiwa ramani ni ya nchi nzima. Sikusema mara ya pili. Nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu, nikataka niagwe vizuri." Akafuta mikono kwenye suruali. "Wameniaga vizuri. Waliimba."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali wake, si kwa hili.

"Yule mtoto mzima?" akauliza.

"Mzima."

"Basi ngoja nivae viatu."

Tulipofika, hakusalimia kamati. Aliingia wodini moja kwa moja, akatoa pakiti ya udi mfukoni mwa koti, akawasha. Moshi ukapanda, ukagonga dari, ukatandaa, ukaanza kushuka tena juu ya vitanda. Alisimama akiutazama hadi kijiti kikaisha, jasho likimtiririka shingoni. Kisha akatoka nje na kumwambia mwenyekiti, kwa sauti ya kufukuza kunguru, "Paa hili ni langu, na mimi ndiye ninayesema livunjwe. Huyu Mgogo ataniambia wapi."

Masika yalikuwa karibu, kwa hiyo hatukuwa na nafasi ya kuchezea. Sista alihamishia vitanda chumba cha wagonjwa wa nje. Mpango ulikuwa hivi: kung'oa kofia za bati kileleni, kuacha uwazi mrefu, na juu yake kuinua kijipaa kidogo kilichozidi pembeni, ili hewa ya moto itoke na mvua isiingie. Chini yake tunakata dari na kuweka mbao zenye nafasi. Ukuta mtupu tunautoboa madirisha ya mbao yanayofunguka yote, na upande wa machweo tunaweka upenu wa makuti. Ilikuwa ni ile minara ya jangwani, ila tumeigeuza: wao wanauteka upepo juu na kuushusha, sisi tunauingiza chini na kuupa njia ya kupanda. Nilipomchorea Bwana Kitwana mchangani na kijiti, alisema, "Kumbe kule chuoni kuna siku ulikuwa macho."

Kofia ilikuwa imeng'oka yote, na kijipaa kimefika nusu, wakati wingu lilipopanda kutoka baharini mchana mmoja, jeusi, kabla ya siku zake. Maji yakiingia yangeiloweka jipsamu yote ikaanguka, na kamati ingekuwa na haki ya kutufukuza. Turubai letu halikufunika hata robo. Sista akatoka mbio kuelekea ufukweni, kwenye dago, kambi ya wavuvi wa kutoka Kilwa ambao huja kwa msimu. Wakaja wanaume wakibeba matanga mabegani, na wa mbele yao alikuwa mume wa Zuhura.

"Panda na kamba, sisi tutakurushia matanga," akaniambia, kisha akaona gauni langu na umri wangu. "Au kaa, mama. Tutapanda sisi."

Nilipanda. Ilikuwa mara yangu ya mwisho kazini kupanda paa, na siijutii. Walitandaza matanga juu ya ule uwazi, wakapitisha kamba chini ya kenchi na kufunga mafundo ambayo sijawahi kuyaona kwa fundi wa majengo. Bwana Kitwana alikuwa chini amekaa kwenye kiti cha plastiki, akiamrisha kila mtu pamoja na wasiomsikia. Mvua ikashuka. Ilipiga matanga kama mawe, nasi tumelala juu ya papi, zile mbao za kupigilia bati, tumeyashika pembe, tumelowa, na mume wa Zuhura anacheka huku maji yanamwingia mdomoni, nami nikajikuta nacheka. Ilipokatika nilishuka nikaingia wodini. Dari ilikuwa kavu, isipokuwa doa moja kwenye kona, na doa lile bado lipo. Niliwakataza wasilipake rangi.

Tulimaliza kabla mvua hazijakolea. Siku za jua kali zikarudi kidogo, zile za mwisho zenye hasira. Mchana tuliomaliza kufagia, vitanda vilirudishwa, madirisha yakafunguliwa pande zote mbili. Nilimtafuta Bwana Kitwana ili tuwashe udi pamoja. Sikumwona nje. Nilimkuta wodini, kwenye kitanda cha karibu na dirisha, amevua viatu, amelala fofofo. Ncha ya shuka ilikuwa inapepea kando ya mkono wake.

Sista Anastazia akaja nyuma yangu. "Wanaume hawaruhusiwi kwenye wodi ya wazazi," akanong'ona.

"Mwache, Sista."

"Simwamshi. Nasema tu sheria."

Tukasimama pale tukimsikiliza anavyokoroma. Sikuwasha udi wowote.

Kwa siku kadhaa hakuna mama aliyekuja. Sista alifanya kazi zake na mimi nikarudi Kilindoni, nikijifanya kushughulika na mambo mengine. Kisha simu ikalia. "Njoo," akasema Sista, akakata. Nilipanda bodaboda mara moja. Kulikuwa na ndugu wengi barazani, lakini barazani hapakuwa na godoro. Niliingia. Mwajuma, msichana aliyezaa kwa mara ya kwanza, alikuwa amejilaza na mtoto wake kifuani, na mama yake amekaa pembeni na chupa ya uji. Ilikuwa saa saba mchana, jua liko juu ya paa. Mwajuma alikuwa amejifunika kanga hadi mabegani.

"Hongera, mwanangu," nikamwambia. "Unaendeleaje?"

"Salama, mama." Akanitazama, akasita, kama mtu anayeogopa kuonekana hana shukrani. "Mama, wewe ni wa hapa zahanati?"

"Ni wa majengo."

"Basi samahani. Naomba unifungie hilo dirisha kidogo. Upepo unampiga mtoto, anasikia baridi."

Katika miaka yangu yote ya kazi nimepokea malalamiko mengi, mengine kwa maandishi na mihuri. Hili ndilo pekee lililonifanya nigeuke upande wa ukuta nijifute macho. Nilikwenda dirishani nikauvuta ubao taratibu, nikauacha nusu wazi, kisha nikamuuliza kama imetosha.

"Ongeza kidogo, mama," akasema Mwajuma.

Nikaongeza.